Pamoja Tulinde Maisha: neno juu ya kupima dawa mpya kwa wagonjwa

Kati ya maswali ambayo wakristu wetu wanatuletea, kuna moja ambalo vitabu vya maadili tulivyosoma seminarini vinalijibu kwa maneno machache tu. Je, mkristu anaweza kukubali waganga wajaribu dawa mpya katika mwili wake? Na mganga anayeijaribu, anafanya tendo la upendo, ao anatumia mtu kama chombo cha kazi yake?

Swali hili si la mezani tu. Katika Kivu ya Kaskazini, mwaka 2018 na 2019, mamia ya wagonjwa wa Ebola waliulizwa neno hilo wakiwa kitandani, wenye homa na hofu ya kufa. Jamaa ya mgonjwa wa namna hiyo, ikitaka shauri, itagonga mara nyingi mlango wa padri ao wa katekista. Basi sherti padri ajue anachosema. Akikataza bila kujua, anaweza kumnyima mtu uzima. Akiruhusu bila kujua, anaweza kumtoa ndugu yake mikononi mwa watu asiowachungua.

Tutaeleza kwanza kwa nini kazi hii ya kutafuta inahitajiwa, kisha namna inavyofanyika, kisha sheria ya Mungu inadai nini. Mwisho tutasema neno juu ya kazi yetu sisi wachungaji.

I. UPENDO UNAHITAJI UJUZI

Mwisho wa Agosti na Septemba 1976, ugonjwa usiojulikana ulitokea Yambuku, misioni ya wakatoliki katika Ekwateri. Misioni ilikuwa na lopitali iliyotunzwa na masista wabelgiji pamoja na wauguzi wa inchi. Mganga hakuwako. Watu walitoka mbali kuja kutafuta sindano, kwani walisadiki kwamba dawa yenye nguvu ni ile inayopita katika sindano. Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano 5 tu kwa kazi ya siku nzima. Waliziosha kwa maji kati ya mgonjwa na mgonjwa, kisha wakaendelea.

Tunajua sasa kwamba sindano zile zilichukua virusi kutoka damu ya mmoja na kuvitia katika damu ya mwingine. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati ya wafanyakazi 17 wa lopitali, 11 walikufa, na masista kati yao. Kufungwa kwa lopitali ile ndiko kulikosaidia sana kuuzima ugonjwa.

Kinshasa ilimtuma mganga kijana, Jean-Jacques Muyembe, aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Lovanium. Alitoa damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, kwani hapakuwa na glovu. Sista mmoja mgonjwa alisafiri naye mpaka Kinshasa, na damu ya sista huyo ikapelekwa Antwerpen, Ubelgiji, ambako waliona virusi vipya. Waliviita Ebola, jina la mto ulio upande ule.

Wandugu, tusiwahukumu wale wa Yambuku. Walikuwa na upendo, wala hawakukimbia, na wengi walilipa kwa uzima wao. Walichokosa ni ujuzi na vyombo. Lakini fundisho linabaki: moyo mwema peke yake hauwezi kuzuia virusi. Yule Msamaria wa Injili alipomkuta mtu njiani, alimhurumia, kisha akamfanyia kile ambacho watu wa wakati ule walijua kwamba kinafaa kwa kidonda: mafuta na divai. Huruma yake ilikuwa na maarifa. Kwa hiyo kutafuta ujuzi wa kuponyesha ni deni la upendo, na anayefanya kazi hiyo kwa haki anafanya kazi njema mbele ya Mungu.

II. TUNAJUAJE KAMA DAWA INAPONYESHA?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, wakiwa wasomi ao wasiosoma. Mtu anasema: «Nilikunywa dawa fulani, nikapona; basi dawa ile ni nzuri.» Lakini pengine angepona bila dawa. Hata Ebola, yenye ukali wote ule, haiui kila mtu. Huko Yambuku 38 walibaki hai, wala hapakuwa na dawa.

Tuangalie mfano wa Kikwit. Mwaka 1995 Ebola iliingia katika mji huo, ikagusa watu 315, na 254 wakafa. Masista sita wa shirika la Poverelle la Bergamo, waliokuwa wakitunza wagonjwa, walikufa mmoja baada ya mwingine. Muyembe na wenzake walifikiri hivi: mtu aliyepona, damu yake imeshinda virusi, ndani ya damu ile kuna kitu kama askari waliojua adui. Basi walichukua damu ya waliopona wakawapa wagonjwa 8. Kati ya hao 8, wagonjwa 7 walipona.

Tukisikia hivi, tunataka kupiga vigelegele. Lakini waganga wa inchi nyingine hawakusadiki, na sababu yao ilikuwa na nguvu. Wagonjwa wale 8 walipewa damu wakati ugonjwa ulipokuwa ukielekea mwisho, na matunzo yalikuwa yametengenezwa vizuri zaidi kuliko mwanzoni. Pengine ni matunzo yaliyowaponyesha. Hapakuwa na wagonjwa wengine wa kulinganisha nao, wenye hali ileile, waliotunzwa vilevile bila kupewa damu. Miaka 20 baadaye, mwaka 2015, waganga wa Guinea waliwapa wagonjwa 84 maji ya damu ya waliopona, na faida ya hakika haikuonekana.

Je, fikira ya Kikwit ilikuwa ya bure? Hapana. Mwaka 2006 mtu mmoja aliyepona Kikwit alitoa damu yake tena, miaka 11 baada ya ugonjwa. Wataalamu wa Marekani, pamoja na Nancy Sullivan, na wengine wa Uswisi, walitafuta ndani ya damu ile wale askari mmoja mmoja. Walimkuta mmoja aliyekamata virusi kwa nguvu sana. Walimzidisha katika laboratware, wakamjaribu kwa nyani wenye Ebola, nyani wakapona. Mwaka 2016 walitangaza habari hiyo. Dawa ile iliitwa mAb114.

Tuone basi umbali wa njia. Kutoka fikira njema ya mwaka 1995 mpaka dawa inayoweza kujaribiwa kwa watu, miaka zaidi ya 20 ilipita. Na hata hapo kazi ilikuwa haijaisha, kwani nyani si mtu.

III. KURA YA BENI NA BUTEMBO

Tarehe 1 Agosti 2018 Serikali ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini, upande wa Mangina na Beni. Ugonjwa ulidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu 3.470 waliugua, 2.287 wakafa.

Safari hii waganga walikuwa na dawa mbalimbali mikononi, na zote zilikuwa zimeponyesha nyani. Ya kwanza ni ZMapp, iliyotengenezwa kwa kupandwa katika majani ya tumbako. Ya pili ni remdesivir, dawa ya kemia. Ya tatu ni ile mAb114 iliyotoka katika damu ya Kikwit. Ya nne, REGN-EB3, ni mchanganyiko wa askari watatu waliopatikana kwa njia ya panya. Ni ipi bora? Hakuna mtu duniani aliyejua.

Miezi ya kwanza waganga walizitoa kwa huruma, kila mmoja akichagua kwa kadiri ya akili yake. Jambo hilo halikuwa baya, lakini lilikuwa na ugumu wake. Kama mganga anachagua, pengine atampa mgonjwa mwenye nguvu dawa hii, na aliye karibu na kufa dawa ile. Mwisho wa mwezi atahesabu wafu, naye hatajua kama ni dawa iliyoshindwa ao ni ugonjwa uliokuwa umekwenda mbali. Watu watakufa, na wale watakaougua kesho hawatakuwa wamepata faida yoyote.

Kwa sababu hiyo, tarehe 20 Novemba 2018 kazi mpya ilianza. Iliongozwa na Muyembe na taasisi ya Kinshasa ya kutafuta mambo ya uzima, INRB, pamoja na taasisi ya Serikali ya Marekani. Jina lake lilitolewa katika luga yetu: Pamoja Tulinde Maisha. Ilifanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mgonjwa aliyekubali, ao ambaye jamaa yake ilikubali kwa ajili yake, alipigiwa kura. Kura ndiyo iliyosema atapewa ipi kati ya dawa hizo. Mganga hakuchagua, mgonjwa hakuchagua, mkubwa wa mji hakuchagua. Wote walipata matunzo mengine sawasawa: maji, chakula, dawa za malaria na za homa, na wauguzi usiku na mchana.

Kura inafanya nini? Inachanganya watu kama mama anavyochanganya nafaka kabla ya kuigawa katika vikapu. Wazee na watoto, wenye nguvu na wazaifu, waliofika mapema na waliochelewa, wote wanatawanyika karibu sawa katika vikundi vyote. Basi kama kikundi kimoja kinapona zaidi, hatuwezi kusema ni kwa sababu kilikuwa na vijana wengi. Tofauti iliyobaki ni dawa.

Tena sherti watu wawe wengi. Mwaka 2015 na 2016, katika Afrika ya Magaribi, ZMapp ilijaribiwa kwa njia hiyohiyo. Kati ya wagonjwa 36 waliopewa, 8 walikufa. Kati ya 35 wasiopewa, 13 walikufa. Hesabu ilionekana nzuri, lakini watu walikuwa wachache, na bahati peke yake inaweza kuleta tofauti ya namna hiyo. Ugonjwa uliisha kabla ya kupata hakika.

Huko Kivu wagonjwa 681 waliingia katika kazi. Kikao cha wataalamu wengine, wasiogusa wagonjwa, kilikuwa kikiangalia hesabu toka mbali. Tarehe 9 Agosti 2019 kikao hicho kiliona kwamba hakika imefika, kikaamuru kura ikome. Matokeo yalikuwa haya, tukihesabu waliokufa kabla ya siku 28 kupita: kwa REGN-EB3, wagonjwa 52 kati ya 155, kwa mAb114, wagonjwa 61 kati ya 174, kwa ZMapp, wagonjwa 84 kati ya 169, kwa remdesivir, wagonjwa 93 kati ya 175. Kwa maneno mengine, dawa mbili za kwanza ziliacha wafu karibu 34 ao 35 kwa kila 100. Zile nyingine ziliacha karibu 50 ao zaidi. Toka siku ile wagonjwa walipewa zile mbili bora.

Neno lingine kubwa lilionekana. Wagonjwa waliofika siku ya kwanza ya ugonjwa, 19 kwa 100 walikufa. Waliongoja siku tano nyumbani, 47 kwa 100 walikufa. Tulishike neno hilo, tutalirudia.

IV. JE, KURA HII NI HAKI?

Hapa mwanamke mjane anaweza kusimama mbele yetu na kusema: «Padri, mume wangu alipigiwa kura, akapata dawa iliyoshindwa. Jirani yake alipata ile nzuri, akarudi nyumbani. Nani aliyemwua mume wangu?» Ni swali la haki, wala hatuna ruhusa ya kulijibu kwa haraka.

Kwanza tuseme jibu tusilotaka kutoa. Injili ya Yoane inatuonyesha Kayafa akihesabu kwamba ni faida mtu mmoja afe kwa ajili ya taifa zima. Hesabu ile ilimpeleka Yezu msalabani. Basi padri asimwambie mjane kwamba mume wake alitolewa ili wengine wapone. Kama mambo yangekuwa hivyo, kazi ile ingekuwa zambi, hata kama ingeokoa watu elfu.

Tarehe 14 Septemba 1952 Baba Mtakatifu Pio XII aliwaeleza wataalamu waliokusanyika Roma mipaka ya kazi yao. Alipima sababu tatu wanazozitaja ili kujaribu dawa mpya: faida ya maarifa, faida ya mgonjwa mwenyewe, na faida ya watu wote. Zote tatu ni njema, na hakuna hata moja isiyo na mpaka. Mganga ana uwezo ule tu ambao mgonjwa anampa. Mgonjwa naye si bwana wa mwili wake. Ni mwangalizi tu, wala hawezi kutoa ruhusa juu ya kile ambacho Mungu hakumpa. Tena taifa si mwili ambao mtu ni kidole chake, ili aweze kukatwa kwa faida ya mwili mzima. Lakini Pio XII alikubali pia kwamba, dawa zinazojulikana zikishindwa, mtu anaweza kwa ruhusa yake kupewa dawa isiyojulikana vizuri, yenye hatari, ikiwa ina tumaini la kweli la kumponyesha.

Tukifuata mafundisho hayo, tunaona kwamba kura ya dawa ni haki ikiwa na mambo manne.

La kwanza: shaka iwe ya kweli. Kama mganga anajua kwamba dawa hii ni bora, naye anampigia mtu kura ili apate mbaya, anatenda zambi. Huko Beni wataalamu wote hawakujua. ZMapp, ambayo ilishindwa, ndiyo iliyokuwa na sifa zaidi siku ya kwanza.

La pili: mgonjwa akubali kwa hiari, akiwa ameelewa. Kuweka kidole katika wino si kuelewa. Sherti aelezwe katika luga ya nyumbani kwake, aambiwe hatari pamoja na tumaini, tena ajue kwamba akikataa hatafukuzwa wala hatanyimwa matunzo. Kwa mtoto, mzazi anakubali kwa kuangalia faida ya mtoto yule.

La tatu: mgonjwa abaki mgonjwa, yaani mtu anayetunzwa. Huko Kivu hakuna aliyepewa maji matupu badala ya dawa. Kila mmoja alipata dawa yenye tumaini, pamoja na matunzo yote.

La ine: wawepo wachunguzi wenye uwezo wa kusema «Basi!» siku ileile ambayo shaka inakwisha. Kuendelea na kura baada ya hakika kungekuwa kuua.

Mtu atauliza: je, mitume hawakupiga kura walipomchagua Matia? Ndiyo, lakini wao waliomba kwanza, wakitaka Bwana mwenyewe aonyeshe mteule wake. Kura ya waganga haiulizi Mungu anataka nani aishi. Inakiri tu kwamba watu hawajui, na inazuia upendeleo. Kwa hiyo asitokee mkristu wa kusema kwamba aliyepata dawa zaifu alikataliwa na Mungu.

Sasa tunaweza kumjibu mjane. Tutamwambia kweli: «Mama, siku ile hakuna aliyejua. Kama mganga angechagua mwenyewe, angeweza kumpa mume wako dawa ileile. Walimtunza kama walivyowatunza wengine. Na kwa sababu yeye na wenzake walikubali, watoto wa mji huu wakiugua kesho watapewa dawa inayojulikana.» Jibu hilo halitakausha machozi yake. Lakini ni la kweli, nasi tutabaki naye kumwombea marehemu.

V. HOFU YA WATU INA SABABU

Wageni wengine, wakiona watu wetu wanakimbia waganga, wanasema ni ujinga. Sisi tunaojua historia tusiseme hivyo.

Wakati wa ukoloni, magari ya waganga yalipita vijijini kutafuta ugonjwa wa usingizi. Watu walipangwa mstari, wakashikwa shingo, wakadungwa mgongoni, na asiyekuwa na karatasi ya waganga hakuweza kusafiri. Kazi ile iliokoa watu wengi sana, tusisahau. Lakini nani aliyeulizwa kama anakubali? Katika miaka ya 1940 na 1950 watu wasio wagonjwa walidungwa dawa ya pentamidine ili kuwakinga, kwa amri. Huko Yokadouma, Kameruni, mwaka 1954, sindano hizo zilioza miili ya watu, na zaidi ya 20 walikufa. Marekani nayo, toka mwaka 1932 mpaka 1972, huko Tuskegee, waganga wa Serikali waliwaangalia watu weusi 399 wenye kaswende bila kuwaambia ugonjwa wao, wakawanyima penisilini hata ilipopatikana. Baada ya maovu ya waganga wa Hitler, sheria ya Nuremberg ilitolewa mwaka 1947, ikisema kwamba kukubali kwa mtu ni jambo la lazima. Waganga wa dunia waliandika yao huko Helsinki mwaka 1964. Sheria hizo hazikuzuia Tuskegee kuendelea miaka mingine minane. Karatasi peke yake hailindi mtu.

Tena tukumbuke hali ya Beni. Toka Oktoba 2014 watu wa kule walichinjwa na watu wa silaha, na msaada haukuonekana. Gafula, kwa ajili ya Ebola, magari mengi na feza nyingi zilifika. Watu waliuliza: «Tulipochinjwa mlikuwa wapi?» Mwisho wa 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ilitajwa kuwa moja ya sababu. Hasira iliongezeka. Mwezi wa Februari 2019 nyumba za kutunza wagonjwa za Katwa na Butembo zilishambuliwa na kuchomwa. Tarehe 19 Aprili 2019 mganga Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni, aliuawa kwa risasi ndani ya lopitali moja ya Butembo.

Hakuna hasira inayoruhusu kuua mganga. Lakini anayetaka kuondoa hofu sherti ajue mizizi yake. Hofu haiondolewi na askari. Inaondolewa na kweli inayosemwa polepole, na mtu ambaye watu walimjua kabla ya ugonjwa kuja.

VI. DENI LA WANAOPATA FAIDA

Liko neno moja ambalo mara nyingi halisemwi wakati wa kukubali: baada ya kazi, dawa ni ya nani? Damu ilitoka Kikwit. Wagonjwa walikuwa wa Beni na Butembo. Marekani iliruhusu REGN-EB3 kuuzwa mwezi wa Oktoba 2020, na mAb114 mwezi wa Desemba 2020, kwa majina ya Inmazeb na Ebanga. Tarehe 19 Agosti 2022 Shirika la Afya la Dunia lilishauri zitumiwe kwa wagonjwa wa Ebola ya namna ile ya Zaïre, likaomba pia kwamba inchi maskini ziweze kuzipata. Ombi hilo lenyewe linatuonyesha kwamba hatari iko: dawa iliyozaliwa katika mateso ya maskini inaweza kubaki katika gala za matajiri. Haki inadai kwamba wale waliobeba hatari wasiwe wa mwisho kupata faida.

Tuseme pia jema lililopatikana. Mwaka 1976 damu ya Yambuku ilisafiri mpaka Ulaya ili ugonjwa upewe jina. Mwaka 2018 damu ya Beni ilipimwa Beni, na watu wa INRB. Wana wa inchi waliongoza kazi ambayo dunia nzima ilingojea matokeo yake.

Na kazi haijaisha. Hata kwa dawa bora, karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu alikufa. Mwezi wa Septemba 2022 Ebola ya namna nyingine, ya Sudani, ilitokea Uganda, na dawa hizi mbili haziiwezi. Kwa hiyo ndugu zetu wataulizwa tena kama wanakubali.

VII. KAZI YETU

Tufanye nini, sisi mapadri, wafratri na wakatekista?

1. Tujifunze kabla ya kusema. Mtu akija na shauri, tuulize maswali manne: Je, shaka ni ya kweli? Je, mgonjwa ameelewa na yuko huru? Je, atatunzwa hata akikataa? Je, wako wachunguzi wa kusimamisha kazi? Waganga wa haki hawatakasirika wakiulizwa hivyo.

2. Tusiwe wauzaji wa dawa. Hatuna kazi ya kuwasukuma watu kutoka altareni. Kazi yetu ni kumsaidia mtu achague kwa zamiri yake, akiwa na mwanga. Anayekubali kwa kutaka kuwasaidia wengine anafanya tendo la upendo. Anayekataa si mwovu.

3. Tuhubiri wazi neno la siku ya kwanza. Mgonjwa aende mapema. Hapo hesabu ni zahiri: 19 kwa 100, ama 47 kwa 100. Mara nyingi kinachomchelewesha mgonjwa nyumbani ni uvumi, na uvumi unaweza kunyamazishwa na katekista mmoja anayeaminiwa kijijini.

4. Tusiwaache wafu na waliopona. Kuzika kwa salama hakukatazi sala. Tusimame mbali kidogo, tumwombee marehemu kwa jina lake. Na aliyepona arudishwe katika jumuiya, apewe amani wakati wa Misa kama wengine. Damu yake, tunakumbuka, inaweza kuwa dawa ya watu asiowajua.

5. Tukiona maovu, yaani mtu amedanganywa, ao amelazimishwa, ao feza za wagonjwa zimeliwa, tuseme bila woga kwa wakubwa wanaohusika. Kunyamaza kwetu leo kutakuwa hofu ya watu kesho.

Jina lililopewa kazi ile ya Kivu lina maneno matatu. Kulinda maisha, waganga wanajua namna ya kufanya. Lakini lile la kwanza, «pamoja», hawawezi kulitimiza peke yao. Ni sisi tunaoishi na watu tunaodaiwa tulitimize pamoja nao.